Tulivyorekodi Zamu ya Pili kule Hatta

Ijumaa, 4 Novemba 2016

Joto limeanza kulegea. Leo nimeanika nguo juu ya paa na nikabaki pale kidogo, kitu ambacho sijakifanya tangu Mei.

Everlyn amenitia matatani. Yeye ni mwenzangu wa chumba hapa Muhaisnah, Dubai, Mkisii, msafisha vyumba katika hoteli ileile ninakofua na kupiga pasi mashuka. Siku yake ya mapumziko anapiga dramu katika bendi ya roki. Wapo watatu na wanajiita Zamu ya Pili, kwa sababu kila mmoja ana kazi nyingine inayomlisha. Mkataba wa Everlyn unaisha mwisho wa Februari na hauongezi. Ana binti wa miaka sita aliyemwacha nyumbani akiwa na miaka miwili. Kabla hajaondoka wanataka kutoa albamu. Mwaka jana walirekodi nyimbo mbili studio, zikatoka safi na baridi kama maji ya friji. Safari hii wanataka kurekodi mbele ya watu, makofi na kikohozi vikiwemo. Wanatafuta fundi mitambo.

Nami mwezi Agosti, tukipiga soga, nilimwambia kwamba kule Dodoma nilikuwa narekodi kwaya. Sasa ameshawatangazia wenzake.

Hapa naweza kuandika ukweli. Studio ile ya kwaya nilikaa miaka mitatu. Nilikunja nyaya, nilichemsha chai, nilifuta vumbi kwenye mitambo. Niliangalia kila kitu. Kitufe cha kurekodi sikuwahi kukibonyeza hata siku moja.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimeenda mazoezini. Wanakodi chumba ndani ya ghala kule Al Quoz, kwa saa mbili kila Ijumaa. Nimerudi na masikio yanayolia kama birika.

Kiongozi ni Austine, Mluhya wa Vihiga, mlinzi kwenye jengo refu la ofisi. Siku sita anasimama mlangoni kwa saa kumi na mbili akiwaambia watu good morning sir, ya saba anayapiga makelele yote aliyoyameza. Anapiga gitaa na kuimba, na muda wote huwapa wenzake mgongo. Kila sentensi yake ina Nairobi ndani: jukwaa hili la Nairobi, tamasha lile la Nairobi. Sijampenda.

Wa tatu ni Gerishom, mpiga besi, dereva wa mama mmoja wa hapa. Kwa saa mbili nimemsikia akisema maneno matatu: karibu, sawa na kwaheri.

Jumatano, 16 Novemba

Mashuka ya karamu ya harusi, mia nne. Mikono haifai.

Ijumaa, 2 Desemba

Sikukuu ya taifa, magari yanapita na bendera. Tumefanya mazoezi nusu saa tu, kisha mabishano. Mahali pa kufanyia onyesho hakuna. Kupiga muziki hadharani hapa kunahitaji kibali, na kumbi zenye kibali haziwahitaji walinzi na wasafishaji jukwaani. Austine alitaja kumbi tano, moja baada ya nyingine, na zote zilishamkatalia.

Ndipo Gerishom akafungua mdomo. Alisema bosi wake, Bi Amna, ana shamba lenye ua mkubwa Hatta, milimani karibu na mpaka wa Oman, na kwamba alizaliwa Unguja, kwa hiyo angalau tutaomba kwa Kiswahili.

Jumanne, 6 Desemba

Tumeenda kwa Bi Amna, mimi na Gerishom, kwa kuwa sisi ndio tuliopata ruhusa leo. Ni mama wa miaka sabini hivi, mwembamba, miwani imening'inia kifuani. Alinikaribisha kwa Kiswahili laini nilichokisikia mara ya mwisho redioni. Alitupa kahawa na halua, akaniuliza nyumbani ni wapi, kama wazazi wangu ni wazima, kama Dodoma siku hizi ina maji. Baada ya yote hayo ndipo akataka kujua huo muziki wetu ukoje.

Gerishom alimchezea wimbo mmoja kwenye simu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Huyo anayeimba kaibiwa nini?" akaniuliza.

Nikacheka mpaka nikaogopa. Yeye pia akacheka. Kisha akatoa masharti yake: ikiadhiniwa tunyamaze, tumalize kabla ya magharibi, na yeye akae mbele. Kibali cha shughuli kwenye shamba lake ataomba mwenyewe kwa jina lake.

"Nshakaa miaka arobaini na huo ua," alisema. "Mbuzi tu ndo wanaoutumia."

Ijumaa, 9 Desemba

Austine aliposikia habari ya Hatta aliniinua kutoka chini kama gunia. Nilimwambia anishushe. Akanishusha, akaomba radhi kwa adabu. Tarehe imepangwa: Ijumaa, tarehe tatu Februari, saa nane mchana.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi kazini. Pilau ya Frida, mwenzetu wa Moshi, imetuokoa.

Ijumaa, 6 Januari 2017

Leo ilikuwa siku ya kujaribu mitambo. Mfilipino wa ukumbi wa mikutano pale hotelini ameniazima kinasa sauti chenye njia nane na maiki sita. Nilizipanga kama nilivyokumbuka, nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Taa nyekundu iliwaka.

Tulipocheza tulichokipata, nilitamani sakafu inimeze. Kiyoyozi kinanguruma toka mwanzo hadi mwisho. Besi imemeza dramu. Sauti ya Austine inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, maana nimeipandisha mno. Austine akauliza, si kwa ukali, kama kule Dodoma tulikuwa tunarekodi namna hii.

Nilisema kiyoyozi ndicho chenye kosa.

Jumatatu, 9 Januari

Sijalala vizuri. Everlyn anahesabu wiki kwenye kalenda ya ukutani, na mimi ndiye nitakayemharibia.

Ijumaa, 13 Januari

Nimewaambia. Sikungoja hata wafungue maboksi ya vyombo. Nilisimama katikati ya chumba nikasema kwamba studio nilikuwa mpika chai, kwamba nilichokisema kwa Everlyn kilikuwa majivuno, na kwamba watafute mtu mwingine maana bado kuna muda.

Everlyn alikaa kwenye kiti chake cha dramu akaficha uso kwa mikono. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Gerishom akafungua boksi lake, akaanza kukaza uzi wa besi. Nilimtazama Austine, nikijiandaa kutukanwa.

"Zile stage za Nairobi nawaambianga kila siku," alisema, "nilikuwa mlangoni. Nakagua tiketi. Sijawahi panda hata moja."

Hilo hata Everlyn alikuwa halijui, na wamecheza pamoja miaka mitatu. Austine alieleza kwamba alikuwa anasikiliza matamasha yale akiwa nje ya mlango, anasikia besi na makelele ya watu, gitaa halifiki. Alijifunzia gitaa hapa Dubai, kwenye kitanda cha juu, bila kulichomeka kwenye umeme ili wenzake wa chumba wasiamke. Alisema anawapa watu mgongo kwa sababu akiwaona anasahau vidole viwe wapi.

"Basi hapa hakuna anayejua kazi yake," Everlyn akasema. "Tuanze."

Tukaanza. Tulizima kiyoyozi tukatoka jasho. Tulipiga wimbo mmoja mara kumi na moja, na kila mara nilisogeza maiki moja tu, tukasikiliza, nikaisogeza tena. Kila ilipokaa vizuri Gerishom alibandika alama ya gundi sakafuni na kupima umbali kwa viganja. Mara ya kumi na moja nilisikia dramu za Everlyn kama zilivyo, nene na kavu, na gitaa likipita juu yake bila kuzikanyaga. Nilipiga kelele. Mimi, mtu wa kwaya.

Ijumaa, 20 Januari

Leo mara ya saba tu sauti ikakaa sawa. Tunapata.

Wimbo unaoitwa "Lifti" umenikaa kichwani. Ni wa mlinzi anayewabonyezea watu lifti siku nzima na yeye hajawahi kupanda zaidi ya ghorofa ya kwanza. Kiitikio kinasema: nipandishe nami, nione bahari. Nimejikuta nakiimba kwenye mashine ya pasi, na msimamizi wetu Justine, Mganda mwenye masikio makali, akanikonyeza.

Jumatano, 25 Januari

Wasikilizaji wamepatikana. Kondo, Mzaramo anayeendesha basi la kampuni moja ya ujenzi, amekubaliwa na arbab wake, yaani bosi, kulichukua basi Ijumaa ile kwa sharti la kulirudisha limeoshwa. Atawaleta mafundi wa Kitanzania na Kikenya kutoka kambi za huku kwetu, na kina dada wenzangu wa dobi walio na mapumziko. Watu hamsini. Everlyn amegawa viti kwa majina.

Ijumaa, 3 Februari

Upepo. Tangu alfajiri mchanga unagonga madirisha kama mchele unaomwagwa. Saa moja asubuhi Bi Amna alimpigia Gerishom. "Msije," alisema. "Hema langu lishavuka Oman bila ya pasipoti."

Kondo alikuwa keshaosha basi. Watu walikuwa wamesimama barabarani wamevaa vizuri, kanga zinawapanda usoni. Ilibidi Everlyn apite mmoja mmoja kuwaeleza. Hakulia mbele yao. Alilia chumbani, ameketi juu ya sanduku lake ambalo tayari limejaa nusu.

Bi Amna anasema kibali kinaweza kusogezwa. Basi lipo huru tarehe kumi na saba tu. Ikishindikana siku hiyo, khalas, imekwisha. Baada ya hapo hatuna Ijumaa ambayo sote wanne tuna ruhusa.

Jumamosi, 11 Februari

Mafundi kumi na wanane wamehamishiwa Abu Dhabi. Viti vyao vimebaki.

Jumanne, 14 Februari

Nimemwomba Justine awaachie kina dada wengi zaidi Ijumaa. Alikuna kichwa, akatazama ratiba, akasema atafanya zamu ya asubuhi yeye mwenyewe pamoja na Wanepali wawili. Mtu niliyekuwa namkwepa kwenye korido miezi minane.

Jumapili, 19 Februari

Onyesho lilikuwa juzi, na ndiyo kwanza napata nguvu ya kuandika.

Tuliondoka saa tatu asubuhi, hewa imetulia kabisa. Kondo alizunguka kwa upande wa Maleha, kwa sababu njia ya zamani inakatisha Oman na nusu yetu tusingeruhusiwa kupita. Mchanga ukawa mwekundu, kisha yakaja majabali ya rangi ya majivu. Watu walikuwa arobaini na wawili, kumi na tisa wao ni wa dobi. Wengi walikuwa hawajatoka nje ya mji tangu wafike nchi hii. Fundi mmoja wa Tanga alinionyesha mbuzi dirishani kama vile ni tembo.

Bi Amna alikuwa amefunga hema jipya, kamba nene kama mkono wangu. Alikuwa amepika biriani kwa masufuria matatu. Wanaume Waislamu waliswali Ijumaa msikiti wa jirani, wakarudi, tukala. Saa nane kamili nikavaa hedifoni, nikamnyooshea Austine kidole gumba.

Walipiga vizuri. Naandika hivyo kwa haki yao. Lakini baada ya wimbo wa kwanza niligundua tatizo ambalo halikumjia yeyote kati yetu. Watu walikuwa wametulia. Walikaa safu kwa safu, mikono mapajani, wakasikiliza kama mahubiri, na mwisho wakapiga makofi ya adabu. Wimbo wa pili vilevile, na wa tatu. Walikuwa wageni nyumbani kwa mama wa watu, hawajawahi kusikia roki, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukosa adabu. Kwenye hedifoni zangu ilikuwa studio ileile, ila na ndege wanaolia. "Lifti" waliipiga ya tano. Austine, ambaye alikuwa ameahidi kugeuka, aliwatazama mara moja, akarudi kuwapa mgongo.

Ikaadhiniwa alasiri. Tukanyamaza kama tulivyoahidi. Waliokwenda kuswali wakaenda. Austine alikwenda kusimama nyuma ya banda la mbuzi peke yake. Everlyn alikaa ananiangalia, na nikashindwa kumtazama, maana zilibaki nyimbo nne na saa mbili za mwanga.

Swala ilipokwisha nilikwenda bombani kunywa maji. Frida na kina dada wanne wa dobi walikuwa wanaosha vikombe vya Bi Amna. Na walikuwa wanaimba, chinichini, kama watu wanavyoimba mikono ikiwa kwenye sabuni: nipandishe nami, nione bahari. Frida ameshika sauti ya kwanza, Mkenya mmoja wa Machakos ya pili, na dada wa Bukoba, ambaye sijawahi kumsikia akisema chochote, ameshika ya chini kabisa. Hakuna aliyewapangia. Wote wamekulia kwaya. Mtu wa kwaya akipewa kiitikio hakiachi kilivyo.

Nilisimama na kikombe mkononi. Halafu nikawaambia, "Njooni mkaimbe hivyo hivyo pale mbele."

Frida alisema wataharibu kazi za watu. Nikamwambia kazi bado haijapatikana, hivyo hakuna cha kuharibu.

Nilimfuata Austine nyuma ya banda, nikamwomba turudie "Lifti" na watu wote wakiimba kiitikio. Nilitegemea abishe, kwa kuwa wimbo ni wake. Aliuliza kitu kimoja tu, kama watu wanakijua kiitikio. Nikamwambia anipe dakika kumi.

Basi nikafanya jambo ambalo tangu niache kuongoza kwaya Dodoma sijalifanya. Nilisimama mbele ya watu arobaini na wawili, nikainua mikono. Nikawagawa: wanawake wa kushoto sauti ya kwanza, wa kulia ya pili, mafundi wote ya chini, Kondo na waliokwisha baleghe mara mbili, kama alivyosema mwenyewe, ya chini zaidi. Tukajaribu mara moja. Ilikuwa mbovu. Mara ya pili yule fundi wa Tanga akafumba macho na kuachia koo, wenzake wakamfuata, na ua mzima ukajaa. Bi Amna alivua miwani. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza, na wala hakuna aliyempanga.

Nikakimbia kurudi kwenye kinasa sauti. Nikasogeza maiki mbili kutoka kwenye dramu nikazielekeza kwa watu. Vipimo vyote vya Gerishom nikavitupilia mbali. Everlyn akagonga vijiti mara nne.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea. Gitaa lilikwaruza, dramu zikaingia, na juu yake sauti arobaini za kwaya, pana kama mlima ule ulio nyuma yetu. Kwenye kiitikio cha pili watu wakasimama. Austine akageuka. Nilimwona akigeuka mwili mzima, akawatazama, na vidole havikusahau kitu. Kwenye kiitikio cha tatu akarudi nyuma hatua mbili, akaacha maiki peke yake, akawaachia. Gerishom alikuwa anaruka. Naapa, Gerishom alikuwa anaruka.

Nyimbo nyingine nne waliimba zote, hata zisizo na kiitikio. Tulimaliza dakika ishirini kabla ya magharibi. Bi Amna alimwendea Austine, akamshika mkono, akamwambia: "Ulichoibiwa naona umerejeshewa."

Ijumaa, 24 Februari

Tumesikiliza kwa mara ya kwanza, sote wanne, hapa chumbani kwetu, spika juu ya kabati. Nilikuwa na hofu, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Kwenye "Lifti" ya pili, watu wamemfunika Austine kabisa. Toka kiitikio cha pili sauti yake haisikiki, iko kama mtu mmoja ndani ya umati. Nilimwambia tunaweza kuirekodi upya pale Al Quoz na kuipachika juu, ni kazi ya saa moja.

Aliomba nirudishe mwanzo. Akasikiliza tena, kiganja kwenye kidevu.

"Usiniongeze," alisema. "Wacha nizame hapo."

Miezi mitatu iliyopita niliandika kwamba simpendi. Leo nimemkatia kipande kikubwa cha keki ya kumuaga Everlyn.

Jumanne, 28 Februari

Uwanja wa ndege. Everlyn alivaa viatu vipya vya binti yake shingoni, vimefungwa kamba, kwa kuwa sanduku lilikataa kufunga. Gerishom aliendesha. Austine aliomba ruhusa ya saa mbili akaja na sare ya ulinzi, na mlinzi wa uwanja akampigia saluti akidhani ni mkubwa. Tulicheka mpaka mlangoni. Everlyn alinikumbatia, akaniambia nisimpe mtu mbaya kitanda chake. Nakala ya albamu anayo kwenye simu, rekodi kumi, "Lifti" ikiwemo mara mbili, tano za adabu na tano za kweli. Tumekubaliana zote zibaki, kwa mpangilio uleule, ili msikilizaji naye angoje.

Jumatatu, 6 Machi

Joto linaanza kurudi. Kitanda cha Everlyn kimechukuliwa na Mganda mmoja anayekoroma kwa upole.

Jumatano, 29 Machi

Kondo anapiga albamu yetu kwenye basi kila asubuhi. Anasema zamani watu walilala hadi eneo la kazi, sasa wanashuka wamechoka kwa kuimba na foremani hajui afanye nini. Waliohamishiwa Abu Dhabi wametuma ujumbe kudai nakala, na kudai onyesho jingine, kwa ukali, kama haki yao. Everlyn ameandika kutoka Kisii kwamba binti yake anapenda wimbo wa kwanza, ule wenye makofi machache, kwa sababu anasikia mama yake anahesabu moja mbili tatu nne.

Leo mchana Justine alikuja kwenye mashine yangu. Nilikuwa nimeweka simu juu ya rundo la foronya, "Lifti" inapiga kwa sauti ya chini. Alisimama akasikiliza hadi kiitikio cha tatu, pale gitaa linapobaki nyuma na watu wanapanda wenyewe. Mvuke ulikuwa unatuzunguka. Akaniuliza hao wanaoimba ni nani.

Nilianza kumtajia majina: Austine, Everlyn, Gerishom. Nikaendelea na Frida, na yule dada wa Bukoba, na fundi wa Tanga, na Bi Amna, nikaona ni wengi.

"Ni sisi," nikamwambia, nikavuta shuka jingine.